Kalsiamu na ualkali katika tangi la matumbawe: pima, hesabu, ndipo utie

Siku niliyomimina dawa ya kalsiamu na dawa ya ualkali kwa mkupuo mmoja, mahali pamoja, maji ya tangi langu yaligeuka meupe kama tui. Nusu saa nzima sikuliona hata jiwe la mbele. Nilipopima asubuhi, ualkali ulikuwa chini kuliko nilipoanzia, hita imevaa ukoko mweupe, na kabla ya wiki kwisha tumbawe langu dogo la Acropora lilianza kubambuka ngozi kuanzia shinani. Kile nilichotia ili limee kilikuwa kimeganda kikawa chokaa mchangani na kwenye pampu, mahali ambapo tumbawe haliwezi kukitumia.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyefika hapo nilipokuwa. Ana tangi la maji ya bahari, matumbawe magumu yameanza kukua, ana vipimo viwili vitatu vya matone, na kila akipima anapata namba zisizomwambia afanye nini. Mfano nitakaoutumia ni tangi langu la lita 200, huku Pwani, kwenye joto letu.

Kwanza uelewe kinacholiwa

Mifupa ya tumbawe ni kalsiamu kaboneti. Ni kitu kilekile ambacho wazee wa Pwani walikichoma kwenye tanuri ili wapate chokaa: nyumba za Lamu na za Mji Mkongwe wa Zanzibar zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na kushikanishwa kwa chokaa iliyotokana na matumbawe. Wao walilirudisha tumbawe likawa chokaa. Sisi wafugaji tunakwenda njia ya pili, tunatia chokaa majini ili tumbawe lijijenge.

Ili lijijenge linahitaji vitu viwili kwa pamoja. Cha kwanza ni kalsiamu, ambayo katika maji ya bahari yenye chumvi ya gramu 35 kwa kilo hufikia miligramu 410 hadi 420 kwa lita. Cha pili ni bikaboneti, na hiyo tunaipima kwa njia ya ualkali, yaani uwezo wa maji kuhimili asidi. Vipimo vingi hutoa jibu kwa dKH (digrii za ualkali), vingine kwa meq (mililikwivalenti) kwa lita. Meq moja kwa lita ni sawa na dKH 2.8. Bahari yenyewe ina dKH 6.5 hadi 7 hivi. Mimi hulenga dKH 8 hadi 9, kalsiamu 400 hadi 440, na magnesiamu 1250 hadi 1350. Usihangaike kutafuta namba moja kamili ndani ya mipaka hiyo. Tumbawe linaloishi kwenye dKH 8 kila siku lina raha kuliko lile linaloruka kati ya 7 na 10.

Sasa hapa ndipo wengi tunapotegwa. Tumbawe halili vitu hivi viwili ovyo, linavila kwa uwiano. Kila dKH 1 inayoliwa huondoka na kalsiamu kama miligramu 7 kwa lita. Chukua tangi lililoanza na dKH 8 na kalsiamu 420, ukalisahau mpaka ualkali ukashuka kwa 2.8. Utakuta dKH 5.2 na kalsiamu 400. Zaidi ya theluthi moja ya ualkali imekwisha, na huku kalsiamu bado inasoma vizuri kabisa! Aliyepima kalsiamu peke yake atalala usingizi akidhani mambo ni shwari.

Kwa hiyo ualkali ndio unaoongoza. Huo ndio wa kupima mara kwa mara, na dozi zote mbili hupangwa kwa kuufuata.

Hatua ya kwanza: chumvi ya maji

Usiguse dawa yoyote kabla hujapima chumvi kwa refraktomita. Maji yakiwa na chumvi ya 32 badala ya 35, kalsiamu ya 420 itasomeka kama 384, na wewe utadhani imepungua. Haijaliwa, maji ndiyo mepesi. Rekebisha chumvi polepole kwa siku mbili tatu, kisha pima tena.

Kama unachota maji baharini, chota wakati yamejaa, mbali na midomo ya mito na mifereji ya mji, na wakati wa masika ongeza uangalifu kwa sababu maji ya mvua hupunguza chumvi ya ufukweni. Na uchote maji tu. Matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, na miamba yetu imeshaumia vya kutosha. Nunua au badilishana vipande vilivyokuzwa kwenye matangi.

Hatua ya pili: hakikisha kipimo chako hakikudanganyi

Hii wengi huiruka, nami naisisitiza kwa sababu vifaa vyetu hukaa madukani na njiani kwenye joto kwa miezi. Njia ya kukihakiki kipimo cha ualkali ni rahisi. Pima gramu 3 za bekingi soda safi, uziyeyushe kwenye maji ya RO (maji yaliyochujwa mpaka chumvi zake zikatoka) mpaka ipatikane lita 1 kamili. Chota mililita 100 za myeyusho huo, uziongezee maji ya RO mpaka zifike lita 1. Maji hayo ya pili yana dKH 10. Yapime kwa kifaa chako. Kikisoma 10 au karibu yake, kiamini. Kikisoma 12, huna haja ya kukitupa, ila ujue kimezidisha na uandike hivyo juu ya boksi.

Hakikisha ni bekingi soda tupu. Bekingi pauda ina asidi ndani yake, haifai hapa. Na magadi ya sokoni, yale ya kulainishia maharage, yaache yakae jikoni. Ni kweli ni kaboneti na bikaboneti ya sodiamu, ndiyo maana mtu hushawishika, lakini yanachimbwa pamoja na uchafu wake na yana floridi nyingi.

Hatua ya tatu: jua tangi linakula kiasi gani

Usitie kitu kwa siku tatu. Usibadilishe maji pia. Pima ualkali siku ya kwanza, kisha siku ya nne, saa ileile. Mimi hupima saa moja asubuhi kabla taa hazijawaka.

Mfano wangu: Jumatatu nilipata dKH 8.4, Alhamisi nikapata 6.9. Tofauti ni 1.5 kwa siku tatu, kwa hiyo tangi linakula dKH 0.5 kwa siku. Katika siku hizo tatu kalsiamu ilishuka kwa miligramu 11 hivi tu, na kipimo cha matone cha kawaida hakiwezi kuionyesha tofauti ndogo kama hiyo kwa uhakika. Ndiyo sababu kalsiamu naipima mara moja kwa wiki mbili, ualkali kila siku ya pili, na tangi likiwa jipya, kila siku.

Namba nyingine unayoihitaji ni ujazo halisi wa maji. Tangi la lita 200 likishawekwa mawe na mchanga halina lita 200. Langu lina lita 170 hivi. Njia nzuri ni kuhesabu ndoo siku ya kulijaza. Ukikosa, toa asilimia 15 na uendelee.

Hatua ya nne: chagua njia ya kurudisha kilicholiwa

Kama una matumbawe laini tu na vipande vichache vigumu, na ualkali karibu haushuki kati ya wiki na wiki, badilisha asilimia 10 ya maji kila wiki na usisumbuke zaidi. Ukitumia maji ya bahari yenye dKH 7 kwenye tangi lililozoea 8.5, yainue kwanza kwenye ndoo: kwa lita 20, gramu 0.9 za bekingi soda zinatosha.

Kwa matangi makubwa sana yaliyojaa matumbawe magumu kuna mtambo unaopitisha gesi ya kaboni dioksidi kwenye chembe za matumbawe yaliyokufa ili ziyeyuke na kurudi majini. Unafanya kazi vizuri, lakini unadai mtungi wa gesi, vali na usimamizi. Kwa lita 200 sioni haja.

Zinabaki njia mbili ambazo nazipendekeza, na zote nimezitumia.

Maji ya chokaa. Wafugaji wa dunia nzima huyaita kwa jina la Kijerumani, kalkwasser, lakini maana yake ni hiyohiyo. Unayeyusha chokaa iliyozimwa, yaani kalsiamu hidroksidi ya daraja la chakula au la maabara, kwenye maji ya RO, na maji hayo unayatumia kufidia yaliyokauka. Uzuri wake ni kwamba huleta kalsiamu na ualkali kwa uwiano uleule tumbawe linaoutumia, na hupandisha pH (kipimo cha uasidi; ikipanda, uasidi umepungua). Chokaa ya kupaka ukutani na chokaa ya tambuu usizitumie, hujui kilichochanganywa humo.

Lita moja huyeyusha chokaa kama gramu 1.5, na hapo maji yameshiba, yana ualkali wa dKH 114 hivi na pH inayopita 12. Yanaunguza. Vaa glavu na miwani, na watoto wasikaribie.

Huku kwetu joto linatusaidia kwa jambo moja: maji hukauka sana. Tangi langu lenye feni hupoteza lita 3 kwa siku. Lita 3 za maji ya chokaa yaliyoshiba zingepandisha ualkali wa lita 170 kwa dKH 2 kila siku, mara nne ya ninachohitaji. Kwa hiyo naweka robo tu ya nguvu, gramu 0.4 kwa lita, na tangi linapata dKH 0.5 yake. Fanya hesabu hiyohiyo kwa tangi lako: zidisha dKH inayoliwa kwa siku na lita za tangi, gawanya kwa lita zinazokauka, kisha gawanya kwa 114. Jibu ndilo sehemu ya gramu 1.5 unayoihitaji kwa kila lita. Likizidi 1, chokaa peke yake haitoshi.

Changanya, funika, acha yatulie saa chache. Ukiacha wazi, hewa itaunda utando mweupe juu yake na nguvu itapungua. Tumia maji maangavu ya juu, mashapo yabaki chini. Yadondoshe tone kwa tone, usiku zaidi, kwa kuwa ndipo pH ya tangi hushuka. Chombo cha kudondoshea kisichukue zaidi ya maji ya siku moja. Hilo ni muhimu kuliko yote niliyosema kuhusu chokaa, kwa sababu boya likikwama au mrija ukifunguka usiku, kitakachoingia ni dozi ya siku moja tu, siyo ya wiki. Ikitokea ikaingia yote kwa pamoja, ongeza mzunguko wa hewa, badilisha maji kidogo, na usitie chochote mpaka upime kesho yake.

Chupa mbili. Hii ndiyo niitumiayo sasa, kwa sababu nasafiri na pampu ndogo ya dozi huitii hesabu.

Chupa ya ualkali: gramu 80 za bekingi soda, ongeza maji ya RO mpaka lita 1. Huyeyuka kwa uvivu. Tikisa, acha, tikisa tena. Chupa ya kalsiamu: gramu 70 za kalsiamu kloridi yenye maji yake (kwenye pakiti huandikwa CaCl2·2H2O), ongeza maji mpaka lita 1. Kama yako ni kavu kabisa, CaCl2 tupu, weka gramu 53. Hupata joto inapoyeyuka, basi tia chumvi kwenye maji kidogo kidogo, usimwage maji juu ya rundo la chumvi. Na ifunge pakiti mara moja. Unyevu wa Pwani huingia humo haraka, na ikishanyonya maji mizani haisemi kweli tena.

Kwa vipimo hivyo, mililita 37.5 za chupa ya ualkali hupandisha lita 100 kwa dKH 1, na mililita zilezile za chupa ya pili hurudisha kalsiamu miligramu 7 zilizoandamana nayo. Kwa tangi langu: 0.5 mara 1.7 mara 37.5, sawa na mililita 32. Mililita 32 za kila chupa, kila siku. Nusu asubuhi, nusu jioni.

Ualkali kwanza, penye mkondo mkali wa maji. Subiri nusu saa au zaidi. Kisha kalsiamu. Kosa langu la maji ya tui lilikuwa hapa, na halikuchukua hata dakika moja kutendeka. Chupa zenyewe zipe vifuniko vya rangi tofauti, na kila moja bomba lake la sindano. Tone moja la kalsiamu likiingia kwenye chupa ya ualkali utaliona linaganda papo hapo.

pH ya tangi ikiwa inakaa chini, kama inavyotokea kwenye chumba kilichofungwa chenye kiyoyozi, pima gramu 80 zako, zitandaze kwenye sinia na uzioke kwa saa moja kwenye oveni ya nyuzi 180. Bikaboneti hugeuka kaboneti, uzito hupungua kwa zaidi ya theluthi, lakini ualkali unabaki uleule. Kwa hiyo pima kabla ya kuoka, siyo baada, na vipimo vya dozi havibadiliki.

Hatua ya tano: ukikuta vimeshuka tayari

Dozi ya kila siku hufidia kinacholiwa, haiinui kilichokwisha kushuka. Kuinua ni kazi nyingine. Kwa lita 100, gramu 3 za bekingi soda hupandisha dKH 1, na gramu 3.7 za kalsiamu kloridi yenye maji yake hupandisha kalsiamu kwa miligramu 10 kwa lita.

Tuseme tangi la lita 170 limeshuka hadi dKH 6.5 na unalitaka 8.5. Unahitaji gramu 10 hivi. Usizitie zote leo. Zigawe kwa siku nne, nusu digrii kila siku. Acropora hasa huadhibu haraka mtu anayeruka digrii mbili kwa usiku mmoja, huungua ncha. Kalsiamu inavumilia zaidi: miligramu 20 kwa siku hazina madhara.

Hatua ya sita: magnesiamu, pale namba zinapokataa kupanda

Kuna wakati unatia, unatia, na vipimo vinabaki palepale. Tazama pampu na hita. Ukiona ukoko mweupe, au mchanga umeshikana ukawa kama jiwe, dawa yako inaganda kabla tumbawe halijaipata. Mara nyingi sababu ni magnesiamu iliyoshuka chini ya 1200. Magnesiamu hujibandika kwenye chembe changa za chokaa na kuzizuia zisikue majini. Ikipungua, kizuizi hicho hakipo.

Inue kwanza hiyo. Kwa lita 100, gramu 8.4 za magnesiamu kloridi (MgCl2·6H2O) huleta miligramu 10 kwa lita. Kutoka 1150 hadi 1300 kwenye lita 170 ni gramu 214. Gawa kwa siku tano, na upime chumvi ya maji kila siku unapotia kiasi kikubwa namna hiyo. Ikishakaa sawa, kuipima mara moja kwa mwezi kunatosha.

Njia ya chupa mbili nayo huacha chumvi ya kawaida nyuma yake, kidogo kidogo, kwa hiyo usiache kubadilisha maji. Na kalsiamu ikipanda wiki baada ya wiki huku ualkali umetulia, ikafika 460 au zaidi, punguza chupa ya kalsiamu kwa nusu mpaka ishuke. Usiguse ya ualkali kwa sababu hiyo.

Hatua ya saba: daftari

Andika tarehe, saa, ualkali, joto la maji, na mililita ulizotia. Matumbawe yakikua, hamu yao inakua. Tangi langu lilianza kwa mililita 12, na kila baada ya miezi miwili nililazimika kupandisha. Ualkali ukishuka kwa 0.3 chini ya kawaida yake kwa vipimo viwili mfululizo, ongeza dozi kwa sehemu moja ya kumi, subiri siku nne, pima.

Upande wa pili ndio unaonishughulisha zaidi. Ualkali ukianza kupanda wakati dozi hujaibadilisha, maana yake matumbawe yameacha kujenga. Yanaweza kuacha siku kadhaa kabla jicho halijaona kasoro yoyote, na dozi ikiendelea ileile, unayaongezea maradhi. Kaskazi moja, umeme ulikatika mara tatu kwa wiki na maji yakafika nyuzi 30. Ni joto la namna hiyo, likidumu, ndilo lililoyafanya matumbawe ya pwani yetu yote yageuke meupe mwaka 1998. Tumbawe langu lilikuwa bado na rangi nzuri, limefungua minyiri, samaki wanakula. Daftari tu ndilo lililoonyesha: kutoka dKH 0.5 kwa siku, tangi lilikuwa linakula 0.1. Nilishusha dozi hadi mililita 6 asubuhi hiyohiyo, nikageuza feni ipulize juu ya maji, nikapunguza saa za taa. Siku ya tisa likaanza kula tena, nami nikarudisha dozi mililita tano kila baada ya siku mbili mpaka ikafika 32.